Wiki Moja Nyuma ya Butterfield: Simulizi ya Fundi Tofali

Jumamosi. Margaret Street, London

Wenzangu kazini wakipata likizo wanakwenda Tenerife kuota jua. Mimi mwaka huu nimemwambia mke wangu kwamba wiki yangu yote namfuata marehemu mmoja. Akaniambia nisirudie kauli hiyo ndani ya nyumba yake.

Marehemu huyo ni William Butterfield, msanifu wa makanisa wa enzi za Malkia Victoria. Mimi ni fundi tofali, mzaliwa wa Muheza. Mwiko niliushika nikiwa saidia fundi wa mjomba wangu, na huu ni mwaka wa tisa najenga kuta za watu hapa London. Butterfield nilikutana naye kwa mvua. Nilikuwa natoka Oxford Street, ikashuka ya ghafla, nikajibanza kwenye lango la uani katika kichochoro cha nyuma, nikainua macho. Mvua ilikatika na mimi bado nimesimama naangalia ukuta.

Leo nimerudi rasmi, nikiwa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, dereva wa basi aliye kwenye zamu za usiku na kwa hiyo mchana hana la kufanya. Mfukoni nina pimamaji ndogo, ile ya urefu wa kiganja, ya kupimia kwa kipovu kama kitu kimelala sawa. Mazoea tu. Wengine hubeba tasbihi au rozari.

Kanisa linaitwa All Saints, Watakatifu Wote. Kiwanja chenyewe ni futi mia hivi kila upande, yaani si kikubwa kuliko viwanja vingi vya kupimiwa kule kwetu. Humo Butterfield ameingiza kanisa, nyumba mbili za ghorofa, ua wa kati na mnara wenye ncha wa futi 227. Shemeji aliniuliza alivipanga vipi. Nikamwambia alipanda juu, kama sisi wote tukikosa kiwanja.

Ila kilichonisimamisha ni ukuta. Matofali ni mekundu yaliyoelekea waridi, na katikati yake inapita mistari ya matofali meusi, mingine imelala, mingine inakwenda zigizaga mpaka juu. Hakuna rangi iliyopakwa. Rangi imejengwa. Kwa asiye fundi hilo ni pambo. Kwa fundi ni hesabu ya kichwa kila dakika: kozi hii nyeusi, yaani safu hii ya matofali, inaanza tofali la ngapi kutoka pembeni, na inayofuata inasogea nusu tofali upande gani? Ukikosea tofali moja kwenye kozi ya tano, ukifika ya kumi na tano ukuta wote unakusema. Na wakati ule hakukuwa na kupiga plasta ukafunika aibu.

Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1850 na Edward Pusey, mwalimu wa Oxford aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa vuguvugu la kurudisha ibada za kale katika Kanisa la Anglikana. Mwaka huohuo serikali ya Uingereza ilifuta kodi ya tofali iliyokuwapo tangu 1784. Tofali lilikuwa na sifa ya kujengea viwanda na nyumba za maskini. Kanisa la heshima lilijengwa kwa jiwe. Butterfield akachukua kitu cha maskini, akakijenga kwa gharama ya kitajiri. Kazi ilichukua miaka tisa na kumeza pauni 70,000 hivi, na kanisa likawekwa wakfu 1859.

Ndani ni giza lenye dhahabu. Nguzo ni za granaiti nyekundu iliyosuguliwa mpaka inang'aa, sakafu vigae, kuta vigae na marumaru zilizopachikwa. Ukuta wa mashariki, juu ya madhabahu, hauna dirisha, kwa sababu nyuma yake kulishajengwa. Msanifu mwingine angelalamika. Huyu aliugeuza kuwa ukuta wa picha kutoka chini hadi darini.

Niliweka pimamaji kwenye ukingo wa tofali pale uani. Kipovu kikatulia katikati. Shemeji akapiga picha ya kipovu.

Jumapili. Palepale

Tumerudi kwa misa. Nililelewa katika kanisa lililoanzishwa na UMCA, wamisionari wa Anglikana walioingia kwetu kupitia Unguja na kuweka kituo Magila, karibu na Muheza. Walikuwa watoto wa vuguvugu lilelile la akina Pusey. Kwa hiyo sikushangaa kuona chetezo, kengele, mishumaa, watumishi wenye kanzu wakijipanga. Nilichoshangaa ni kuona vitu vya nyumbani vikiwa na mwenyewe.

Nilipotoka nilimpigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umesali?"

"Nimesali mama. Kanisa la zamani, la wale wale waliotuletea padri Magila."

"Ubani wamechoma?"

"Wamechoma mpaka shemeji amekohoa."

"Basi hao ni watu wazuri," akasema, na kwa upande wake suala la usanifu likaishia hapo.

Jumatatu. Canterbury

Treni ya asubuhi. Shemeji alilala njia nzima na kofia usoni. Alikuwa ametoka kazini saa kumi na moja alfajiri.

Watu huja Canterbury kwa ajili ya kanisa kuu. Sisi tulilipita tukaenda nje ya kuta za mji wa kale, kwenye magofu ya abasia, yaani nyumba ya watawa, ya Mtakatifu Augustino, yule aliyetumwa kutoka Roma na kufika Uingereza mwaka 597. Kufikia miaka ya 1840 mahali hapa palikuwa kiwanda cha bia na baa. Tajiri mmoja mcha Mungu, Alexander Beresford Hope, alipanunua mwaka 1844, akampa Butterfield kazi ya kujenga chuo cha wamisionari. Butterfield alikuwa na miaka 30. Chuo kilifunguliwa Juni 1848.

Siku hizi majengo mengi ni ya shule, na shule huingii hivi hivi. Tuliangalia kwa kutokea langoni na kwa upande wa magofu. Hakuna zigizaga hapa. Kuta ni za gumegume, mawe meusi yanayong'aa yakipasuliwa, na paa zimeshuka sana. Maktaba imekaa juu ya misingi ya ukumbi wa kale wa abasia, ina madirisha makubwa, na ukiangalia haraka utasema ilikuwapo tangu enzi za watawa. Upande mwingine kuna jengo refu la vyumba vya wanafunzi, na chini yake ukumbi wa kupita, wa kutembea mvua ikinyesha. Kijana wa miaka 30 aliweza kunyamaza namna hii! Kelele za Margaret Street zilikuja baadaye, alipokuwa na uhakika.

Nimekuja Canterbury kwa sababu ya mtu mwingine pia. Katika miaka ya 1880 alisoma hapa Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto na kulelewa na UMCA Unguja, katika shule ya Kiungani. Mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika misheni hiyo, na kazi yake kubwa aliifanya Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo. Hakuwa wa kwanza kutoka mbali. Kabla yake alishapita hapa Kallihirua, kijana wa Kiinuiti kutoka Greenland, aliyefariki Newfoundland mwaka 1856.

Nilijaribu kumwona Majaliwa katika ukumbi ule wa kupita, Novemba, amevaa koti zito la kuazima, vidole havishiki kalamu. Mimi mwaka wangu wa kwanza London nilivaa soksi mikononi. Alitembea chini ya matao ya Butterfield huku akikariri Kigiriki, kisha akarudi kuhubiri kwenye kanisa la miti na nyasi. Sidhani Butterfield aliwahi kusikia jina lake.

Shemeji, aliyekuwa amenyamaza kwa muda, aliuliza, "Sasa hawa waliomfundisha, walikuwa wanamwita Majaliwa au Cecil?" Sikuwa na jibu. Tulikula chipsi tukarudi.

Jumanne. London, mvua

Mvua ya kutwa. Nimetembea peke yangu, shemeji amelala.

Butterfield alizaliwa mwaka 1814 kwenye barabara ya Strand, baba yake akiwa muuza dawa, nyumba ina watoto tisa. Alipofikisha miaka kumi na sita hakupelekwa kwa msanifu. Alipelekwa kwa mjenzi, huko Pimlico, kuwa mwanagenzi. Hilo nililisoma mwanzoni kabisa nilipoanza kumfuatilia, nikasema basi, ndiyo maana. Mtu aliyeanza na vumbi la chokaa hachori ukuta kama aliyeanza na rula. Baadaye ndipo alipojifunza kwa wasanifu, akafanya kazi Worcester, na mwaka 1840 akafungua ofisi yake mwenyewe. Ofisi aliyodumu nayo ilikuwa Adam Street, hatua chache kutoka alikozaliwa. Nimefika, pana magari na maduka, basi.

Hakuoa. Hakuandika vitabu vya kueleza nadharia zake, katika zama ambazo kila msanifu alikuwa na la kuhubiri. Ofisi aliiweka ndogo, michoro walichora wasaidizi, yeye akapita juu yake na wino akisahihisha. Nyumba yake ya mwisho, namba 42 Bedford Square, ina kibao cha buluu ukutani. Nilisimama chini yake na mwavuli mpaka mlinzi wa jirani akaanza kuniangalia.

Nikiwa pale nilifikiria kanisa kuu la Melbourne, Australia. Alilichora yeye na hakwenda hata siku moja. Maswali ya wajenzi yalikaa wiki kadhaa melini kabla ya kumfikia, na majibu yake wiki kadhaa tena, kila barua ikiwa kali kuliko iliyotangulia, mpaka mwaka 1884 akajiuzulu. Kanisa likamaliziwa na mwingine, na minara iliyoko leo haifanani na aliyoichora. Unguja tuna ya kwetu, kwenye kanisa la Mkunazini lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa. Ramani ilitoka Uingereza, chini ya Askofu Edward Steere, na inasimuliwa kwamba nguzo ndogo za ubatizoni zilisimikwa juu chini askofu akiwa hayupo. Steere aliziacha hivyo hivyo na ziko hadi leo, watalii wanazipiga picha. Butterfield angeandika barua kumi na mbili.

Jumatano. Coalpit Heath, karibu na Bristol

Bristol kwa treni, kisha basi. Shemeji alimkosoa dereva kila kituo, kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini.

Kule Bristol kuna kanisa la kwanza kabisa la Butterfield, la mwaka 1842 na 1843, alilojenga kwa ajili ya waumini wa Kikongregesheni, dhehebu la Kiprotestanti lisilo la Anglikana. Mjomba wake alikuwa wa ukoo wa Wills, wenye tumbaku. Tumelipita tu. Nilitaka la pili.

Coalpit Heath ni kijiji ambacho jina lake ni mashimo ya makaa ya mawe. St Saviour's ilijengwa 1844 na 1845 kwa ajili ya wachimbaji na familia zao. Ni kanisa la jiwe, la kawaida, lenye mnara wa kadiri. Ukiwa na haraka utapita. Sisi hatukuwa na haraka kwa sababu basi la kurudi lilikuwa baada ya saa moja na nusu.

Tulianzia langoni. Ni lango lenye paa lake, mbao nzito juu ya mawe. Malango ya namna hii yalikuwa ya kusubirishia jeneza mpaka padri aje kulipokea. Nilipitisha kiganja kwenye boriti. Viungo vimekatwa ulimi na tundu, vikafungwa kwa vijiti vya mbao. Paa lina mteremko mkali, maji hayapati nafasi ya kukaa. Hapa hajapamba kitu. Uzuri wote uko kwenye namna kipande kimoja kinavyoshika kingine, na mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa alisimama kutuangalia sisi tunaoangalia lango.

"Ni lango tu," alituambia kwa upole.

Nikamjibu kwamba najua, mimi ni fundi. Akaridhika akaenda.

Jirani na kanisa ni nyumba ya padri, nayo kazi ya Butterfield. Nyumba hii ina sifa kubwa kwa wanaosoma historia ya nyumba za Kiingereza. Nilikuwa sijui kwa nini mpaka nilipoihesabu madirisha. Hayakupangwa ili uso wa nyumba upendeze. Chumba kikubwa kina dirisha kubwa, ngazi ina dirisha la ngazi, dohani imesimama pale moto ulipo. Nje inakwambia ndani kukoje. Vijana waliomfuata, waliojenga nyumba za mashambani miaka ya 1860 na kuendelea, walijifunza hapa. Mjomba wangu kule Muheza alikuwa akipanga hivyo hivyo: "Anza na mama atakaa wapi akipika, dirisha litakuja lenyewe."

Kipovu: kwenye kizingiti cha ukuta wa makaburi kimekwenda upande. Nimekisamehe. Ukuta umekaa juu ya mashimo ya makaa.

Alhamisi. Oxford

Keble College. Hapa hakuna tena unyenyekevu wa kijijini.

Chuo kilianzishwa kumkumbuka John Keble, rafiki wa Pusey, ili vijana wasio na uwezo mkubwa wapate kusoma Oxford bila kufilisi wazazi. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1870. Oxford nzima ni jiwe la rangi ya asali, halafu unakata kona unakutana na matofali mekundu, matofali ya rangi ya samawati iliyokolea na jiwe jeupe, mistari, miraba, zigizaga, ghorofa hadi ghorofa. Waingereza waliita mtindo huu pundamilia mtakatifu. Inasemekana wanafunzi wa chuo cha jirani walikuwa na chama cha kuibomoa Keble tofali moja moja.

Shemeji alisimama uani akageuka mzunguko mzima. "Hii ni kanga," akasema.

Sikuwahi kuisikia ikisemwa vizuri kuliko hivyo. Ina pindo, ina mji. Pindo ni ile mistari ya chini na ya juu, mji ni miraba ya katikati. Jina limebaki kutafutwa.

Vyumba navyo amevipanga tofauti na desturi ya Oxford. Badala ya ngazi nyingi, kila moja na vyumba vyake, aliweka korido ndefu. Ni rahisi kuhudumia, ni rahisi pia kuchunga vijana wasitoroke.

Kanisa la chuo lilifunguliwa 1876 na ni refu kwenda juu kiasi kwamba madirisha yameanzia mbali sana na vichwa vya watu. Chini yake kuta zimejaa mozaiki, picha za vipande vidogo vya rangi vilivyopachikwa. Aliyelipia ni William Gibbs, na fedha ya Gibbs ilitoka kwenye guano, kinyesi cha ndege wa baharini kilichochimbwa visiwani Peru kikauzwa Ulaya kuwa mbolea. Waingereza walikuwa na tungo la utani kuhusu utajiri huo. Visiwani Chincha hakukuwa na utani. Waliochimba walikuwa vibarua wa Kichina waliofungwa kwa mikataba, pamoja na watumwa na wafungwa, katika vumbi linalochoma macho na koo. Nilikaa kwenye benchi nikiangalia dhahabu ya mozaiki. Mkunazini walijenga kanisa juu ya soko la watu na wakasema wazi ni kwa nini. Hapa ingebidi mtu akuambie.

Pembeni kuna kikanisa kidogo chenye picha ya William Holman Hunt, Yesu ameshika taa usiku anabisha mlango ulioota magugu. Shemeji aliitambua mara moja. Kopi yake ilikuwa sebuleni kwa bibi yao, imefifia kwa moshi wa koroboi. Chuo kilipewa picha hiyo, na Butterfield hakutaka iwekwe kanisani mwake. Hakuna nafasi, na kanisa si pa kutundika picha. Ikabidi miaka ya 1890 msanifu mwingine ajenge kikanisa cha pembeni ili picha ipate pa kukaa.

"Alikuwa mgumu huyu mzee," akasema shemeji.

"Mgumu sana."

"Ningefanya naye kazi wiki moja tu."

Mimi nadhani ningefanya naye miaka. Msimamizi mgumu anayejua kozi inavyokwenda ni bora kuliko mpole asiyejua. Wapole nimewajengea wengi, nikabomoa nikajenga tena.

Ijumaa. Tottenham

Shemeji ni shabiki wa Arsenal. Alisema wazi kwamba Tottenham haendi, hata kwa mazishi. Nikamkumbusha kwamba ni mazishi ya mwaka 1900, yalishapita. Akaja na koti amelifunga mpaka kidevuni, asionekane na watu.

Tulishuka White Hart Lane, tukaupa uwanja mgongo, tukatembea mpaka kanisa la kale la All Hallows. Butterfield alilikarabati miaka ya 1870 na kuliongezea upande wa mashariki, na tofali lake linajitambulisha mwenyewe. Nyuma ya uwanja wa kanisa kuna geti dogo la kuingilia makaburi ya Tottenham. Ukiingia, kaburi lake haliko mbali na njia.

Mwaka 1884 wasanifu wenzake walimpa medali yao ya dhahabu. Aliendelea kuishi miaka kumi na sita baada ya hapo, akafariki Februari 1900, na kaburi alikuwa amelichora mwenyewe. Nilitarajia zigizaga. Nilitarajia angalau mstari mmoja mweusi. Ni kaburi dogo la jiwe, la mtindo wa Gothiki, ule wa makanisa ya kale ya Ulaya, tulivu kabisa, kama lile lango la Coalpit Heath. Kuvu limeota upande wa kivuli. Makaburi ya jirani yana malaika na nguzo. Lake unaweza kulipita.

Nilichuchumaa nikapangusa majani kwenye ngazi ya chini ya jiwe. Nikatoa pimamaji nikailaza taratibu. Kipovu kikasita, kikasogea kushoto, kikabaki huko.

Shemeji aliinama juu ya bega langu akaangalia.

"Ni udongo," nikasema. "Udongo wa London unashuka kila kiangazi."

"Hata hivyo," akasema, "usimwambie."

Nikarudisha majani nilipoyatoa.